Jihadhari na Barua Pepe Zinazoomba Siri Zako
Somo kwa wakazi wa Kianjai na Kaunti nzima ya Meru

Zamani mkazi wa Kianjai aliyetaka cheti, leseni au mkopo wa masomo alilazimika kusafiri hadi mjini Meru, na mara nyingine hadi Nairobi. Leo sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kwa simu au katika duka la saiba hapa sokoni. Tarehe 30 Juni 2023 Rais William Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 za serikali kwenye eCitizen. Marejesho ya ushuru huwasilishwa kupitia iTax, wanafunzi huomba mikopo ya HELB kwa mtandao, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, hata usajili wa bima ya afya hufanywa kwa simu.

Huduma zimesogea karibu, na walaghai nao wamezifuata. Wanaandika barua pepe zinazofanana na za serikali, benki au kampuni ya simu, kisha wanamwomba mwananchi taarifa zake za siri. Anayejibu huweza kupoteza akiba, kudaiwa mkopo asioujua, au kufungiwa nje ya akaunti zake mwenyewe.

Katika somo hili tutajifunza mambo matatu: jinsi ya kuitambua barua ya aina hiyo, jinsi ya kuikwepa, na hatua za kuchukua iwapo tayari umeijibu.

Ulaghai huu hufanyaje kazi?

Jina la ulaghai huu kwa Kiingereza linatokana na uvuvi. Mvuvi hutupa chambo majini bila kujua samaki yupi atauma. Vivyo hivyo mlaghai hutuma barua ileile kwa maelfu ya watu. Hajui nani ameomba basari na nani hajaomba. Anachohitaji ni wachache tu kati yao wapate barua hiyo wakati wanasubiri habari kama hiyo. Ndiyo maana barua za HELB huja wanafunzi wanaposubiri mikopo, na za ushuru huja mwezi Juni watu wanapowasilisha marejesho.

Chambo hubadilika kila msimu, lakini kinachotafutwa ni kilekile: nambari ya siri ya M-Pesa au ya benki, nywila ya barua pepe au ya eCitizen, nambari ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu yako, nambari ya kitambulisho pamoja na tarehe ya kuzaliwa, na picha ya kitambulisho chako.

Wengine husema, “Mimi sina pesa, watachukua nini?” Jina na kitambulisho chako vina thamani hata kama M-Pesa yako haina kitu. Mlaghai aliyepata laini yako na nambari yako ya siri anaweza kukopa Fuliza kwa jina lako, kisha deni likabaki kwako. Anaweza pia kuwaandikia jamaa na wanachama wenzako wa chama akiomba msaada, nao wakatuma wakidhani ni wewe.

Mnamo Juni 2021 Wakenya wengi walipewa nafasi ya kuangalia uanachama wao wa vyama vya siasa kupitia eCitizen, na wengi walishangaa kukuta majina yao katika vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Malalamiko yalifika katika Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Tukio hilo halikuwa la barua pepe, lakini lilionyesha wazi kwamba jina na nambari ya kitambulisho vikiwa mikononi mwa mtu mwingine, vinaweza kutumiwa kwa mambo usiyoyajua.

PIN ya KRA na PIN ya M-Pesa ni vitu viwili tofauti

Neno PIN limewachanganya watu wengi, na walaghai wanalitumia makusudi.

PIN ya KRA ni nambari ya mlipa ushuru. Kwa mtu binafsi huanza na herufi A, hufuatwa na tarakimu tisa, kisha herufi moja mwishoni. Mwajiri, shule au benki wanaweza kuiomba kwa sababu halali. Haifungui pesa zako.

PIN ya M-Pesa ni nambari ya siri yenye tarakimu nne. Hiyo ndiyo ufunguo wa pesa zako. Hakuna ofisi ya kaunti, wizara, benki, shule wala mhudumu wa Safaricom anayeihitaji ili akuhudumie. Mahali pake ni kwenye simu yako pekee, wakati wewe mwenyewe unafanya malipo au kutoa pesa.

Kwa hiyo mtu akikuandikia “tuma PIN yako”, usijibu kabla hujajua ni PIN ipi. Ikiwa ni ya tarakimu nne, huyo ni mlaghai, hata kama barua yake ina nembo ya serikali. Na ikiwa nambari yako ya siri ni mwaka wako wa kuzaliwa, ibadilishe leo. Mwaka huo umeandikwa kwenye kitambulisho chako, na kila aliyepata nakala yake ataujaribu kwanza.

Tuisome barua moja pamoja

Barua ifuatayo tumeitunga kwa ajili ya somo hili. Isome polepole, kisha ujiulize ni mambo gani yanayotia shaka kabla ya kuendelea na maelezo yetu.

*Kutoka: BASARI KAUNTI YA MERU*
*Mada: Malipo yako yamekwama*

*Mpendwa mteja,*
*Ombi la basari la mwanao limekubaliwa. Shilingi 25,000 ziko tayari kutumwa kwa M-Pesa yako, lakini taarifa zako hazijakamilika. Bonyeza hapa ndani ya saa 24 ujaze jina, nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, nambari ya simu na PIN ili tuthibitishe. Ukichelewa, pesa zitapewa mwanafunzi mwingine. Tafadhali usimweleze mtu yeyote kabla ya malipo kukamilika.*
*Afisa wa Malipo*

Kwanza, angalia inaomba nini. Hapa ndipo pa kuanzia kila mara. Barua hii inaomba PIN. Hata kama mengine yote yangekuwa sawa, ombi hilo peke yake linatosha kuifuta.

Pili, linganisha na utaratibu unaoujua. Basari kwa kawaida hulipwa kwa shule au chuo, kwa jina la mwanafunzi. Kwa nini hii itumwe kwenye M-Pesa ya mzazi? Anayejua jinsi huduma inavyotolewa huwa vigumu kumdanganya. Usipoujua utaratibu, muulize msimamizi wa wadi au mwalimu mkuu.

Tatu, fungua anwani ya aliyetuma. Maneno “Basari Kaunti ya Meru” ni jina tu, na mtu yeyote anaweza kujiandika jina lolote. Gusa jina hilo ili uone anwani yenyewe. Ofisi ya serikali ya Kenya hutarajiwa kutumia anwani inayoishia na .go.ke. Barua inayodai kutoka idara ya serikali lakini anwani yake inaishia na gmail.com inatia shaka kubwa. Kumbuka pia kwamba walaghai stadi huweza kughushi hata anwani. Anwani mbaya inathibitisha ubaya, lakini anwani nzuri haithibitishi uzuri.

Nne, chunguza kiungo kabla ya kubonyeza. Maneno “bonyeza hapa” huficha anwani ya tovuti. Kwenye simu, bonyeza kiungo bila kuachilia hadi anwani ionekane. Kwenye kompyuta, sogeza kishale juu yake bila kubonyeza. Kisha tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti, na usome maneno yaliyo kabla yake kuanzia kulia kwenda kushoto. Tuseme umeona meru.go.ke.fomu-basari.com. Mwanzo wake unaonekana wa serikali, lakini mwisho wake ni fomu-basari.com, na huyo ndiye mwenye tovuti. Tovuti ya kweli ya kaunti yetu ni meru.go.ke, na hapo .go.ke ndiyo ya mwisho kabisa.

Tano, jihadhari na haraka na vitisho. “Ndani ya saa 24” na “zitapewa mwingine” yamewekwa ili usipate nafasi ya kufikiri wala kuuliza. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Ofisi ya serikali hutoa tarehe ya mwisho kwa tangazo la wazi, linaloonekana na kila mtu.

Sita, jihadhari na agizo la kunyamaza. Pesa za umma hazina sababu ya kufichwa. Anayekuzuia usimwambie jirani anajua jirani atakuonya.

Kuna ishara mbili ambazo watu huzitegemea kupita kiasi. Ya kwanza ni lugha mbovu. Ni kweli barua nyingi za ulaghai huwa na makosa, lakini siku hizi programu za kompyuta huwaandikia walaghai lugha safi, na huenda barua ikataja hata jina lako kamili. Ya pili ni alama ya kufuli kando ya anwani ya tovuti. Kufuli hilo huonyesha kwamba hakuna mtu wa katikati anayesoma mnachoandikiana na tovuti hiyo. Halisemi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Tovuti za walaghai nazo huwa na kufuli.

Ingia kwa mlango unaoujua

Ukisahau ishara zote, kumbuka kanuni hii moja: usipitie mlango uliofunguliwa na barua. Ingia kwa mlango unaoujua wewe mwenyewe.

Barua ikisema akaunti yako ya eCitizen ina tatizo, iache ilipo. Fungua tovuti upya na uandike ecitizen.go.ke kwa mkono wako. Ikiwa ni ushuru, andika itax.kra.go.ke. Ikiwa ni usajili wa SHA, piga *147#. Ikiwa ni basari, nenda kwenye ofisi ya wadi. Ikiwa ni benki, piga nambari iliyo nyuma ya kadi yako, au uingie kwenye tawi. Kama tatizo lipo kweli, utalikuta huko. Kama halipo, umeokoka.

Usipige nambari ya simu iliyoandikwa ndani ya barua hiyo, kwa sababu atakayepokea ni mlaghai yuleyule. Safaricom nayo hupigia wateja wake kutoka 0722 000 000. Hata hivyo, yeyote anayekupigia, kwa nambari yoyote, hana haki ya kuuliza nambari yako ya siri.

Upo pia ulinzi wa kisheria unaoweza kuutumia kama swali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki ya kuelezwa taarifa zake zitatumiwa kwa kazi gani. Mtu akikuomba nambari ya kitambulisho au picha yake, muulize: “Ya nini, na itahifadhiwa wapi?” Mhudumu halali atakueleza. Mlaghai ataanza kukuharakisha.

Barua pepe iliyofunguliwa saiba

Jambo hili linahitaji kuangaliwa kwa makini hapa kwetu. Wakazi wengi walifunguliwa barua pepe na mhudumu wa saiba siku walipohitaji PIN ya KRA au akaunti ya eCitizen. Mhudumu alichagua nywila, akaiandika kwenye karatasi au daftari, na kazi ikaisha. Mwenyewe hajawahi kuifungua tena.

Barua pepe hiyo ndiyo funguo za nyumba zako zote. Mtu akisahau nywila ya iTax au eCitizen, anaweza kupata nyingine kupitia barua pepe yake. Kwa hiyo anayeishika barua pepe yako anaweza kuzifungua akaunti nyingine moja baada ya nyingine. Wahudumu wengi wa saiba ni watu waaminifu na wametusaidia sana, lakini daftari hupotea, na kompyuta ya saiba hutumiwa na watu wengi kwa siku moja.

Fanya yafuatayo:

1. Iulize familia yako ni nani ana barua pepe, na nani anaijua nywila yake. Mzee wako akisema “iko kwa kijana wa saiba”, msaidie kuibadilisha.
2. Hakikisha nambari ya simu iliyosajiliwa kwenye barua pepe hiyo ni yako, si ya mhudumu.
3. Chagua nywila ndefu ambayo huitumii kwingine, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili.
4. Ukitumia kompyuta ya saiba, kataa inapokuuliza kama ihifadhi nywila yako. Ukimaliza, ondoka kwenye akaunti kabla ya kuinuka.
5. Chukua nakala zote za kitambulisho ulizochapisha, hata zilizoharibika. Kama ulituma picha ya kitambulisho kwa simu ya mhudumu, mwombe aifute mbele yako.

Zoezi

Jadilini maswali haya nyumbani au kwenye mkutano wa chama. Majibu yanafuata.

Swali la 1. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kule Nchiru anapata barua pepe kwamba mkopo wake wa HELB utasimamishwa asipoingia kupitia kiungo kilichomo na kuandika barua pepe na nywila yake. Afanye nini?

Swali la 2. Mkulima anapigiwa simu na mtu anayesema anasajili watu kwa mbolea ya ruzuku. Anaambiwa: “Mzee, utapata ujumbe wenye nambari sita. Nisomee tu.” Je, asome?

Swali la 3. Mama mmoja amesahau nywila ya eCitizen. Ameandika ecitizen.go.ke mwenyewe na kuomba nywila mpya. Dakika moja baadaye anatumiwa nambari ya uthibitisho. Je, huo ni ulaghai?

Swali la 4. Barua inayosema imetoka KRA inakumbusha kwamba marejesho yawasilishwe kabla ya tarehe 30 Juni. Haiombi chochote. Je, ni salama?

Jibu la 1. Aifunge barua hiyo na aingie kwenye tovuti ya HELB kwa kuandika anwani mwenyewe. Kama hakuna onyo huko, aifute.

Jibu la 2. Asisome. Nambari hiyo ni ufunguo wa muda. Kuna uwezekano mkubwa kwamba anayepiga anajaribu kuingia katika akaunti ya mkulima wakati huohuo, na amekwama mlangoni.

Jibu la 3. Hapana. Tofauti iko hapa: ni yeye aliyeanza, na tovuti aliifungua mwenyewe. Aiandike nambari hiyo kwenye tovuti aliyoifungua, wala asimpe mtu. Nambari ya uthibitisho isiyoombwa na mwenyewe ndiyo ya kuogopwa.

Jibu la 4. Tarehe hiyo ni ya kweli, lakini hata mlaghai anaijua. Huna haja ya kuamua kama barua ni ya kweli au la. Andika itax.kra.go.ke mwenyewe, uwasilishe marejesho yako, na usibonyeze chochote ndani ya barua.

Ukishajibu, usinyamaze

Aibu huwafanya watu wakae kimya, na ukimya humpa mlaghai muda wa kumaliza kazi yake. Usione haya. Kati ya mwaka 2013 na 2015 raia mmoja wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alizitoa Google na Facebook zaidi ya dola milioni 100 kwa barua pepe na ankara za uongo, akijifanya kampuni iliyokuwa ikiwauzia vifaa. Mwaka 2019 mahakama ya Marekani ilimhukumu kifungo cha miaka mitano. Ikiwa makampuni yanayoendesha barua pepe na mitandao yalidanganyika, mtu wa kawaida hana sababu ya kujilaumu. Muhimu ni kuchukua hatua mara moja:

1. Kama ulitoa nambari ya siri ya M-Pesa, ibadilishe kupitia *334#, kisha piga simu 100 kwa Safaricom. Kama pesa zimetoka, waeleze mara moja, uhifadhi ujumbe wa muamala.
2. Kama ulitoa nywila ya barua pepe, ibadilishe hiyo kwanza, kisha za akaunti nyingine.
3. Kama ni taarifa za benki, piga simu benki wafunge akaunti kwa muda.
4. Simu ikipoteza mtandao ghafla wakati majirani wanao, huenda laini yako imehamishiwa kadi nyingine. Tumia simu ya jirani kuwajulisha Safaricom na benki bila kusubiri.
5. Piga *106# uone kama kuna laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua.
6. Usiifute barua yenyewe. Ipige picha pamoja na anwani ya aliyetuma, kisha uripoti katika kituo cha polisi na uchukue nambari ya OB.
7. Waarifu jamaa na wanachama wenzako wa chama, wasitume pesa kwa jina lako.

Pa kuripoti

Ujumbe mfupi wa ulaghai kwenye laini ya Safaricom utume kwa 333 bila malipo. Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, hupokea taarifa kwa simu ya bure 0800 722 203. Kituo cha kitaifa cha kushughulikia matukio ya mtandao, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, hupokea ripoti kupitia incidents@ke-cirt.go.ke. Malalamiko kuhusu data yako kutumiwa bila ridhaa hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Kutuma barua za aina hii ni kosa la jinai. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 kinaweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi 300,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Polisi hawawezi kumfuata mhalifu ambaye hakuna aliyemripoti. Hata barua ambayo haikukunasa inafaa kuripotiwa, kwa kuwa ileile imetumwa kwa mwingine.

Wapo wakazi wengi wa Kianjai wasiosoma barua pepe wenyewe, na hao ndio walio katika hatari zaidi, kwa sababu wengine huwasomea na kuwajibia. Ukimaliza kusoma somo hili, msomee mzazi, jirani au mwanachama mmoja wa kikundi chako. Akumbuke mawili tu: nambari ya siri haiombwi na ofisi yoyote, na ukipata barua inayokutia shaka, ifunge kisha uingie kwa mlango unaoujua.